Cheti cha kwanza cha IT ukiwa Mtwara au Lindi: uanzie wapi, ulipe lini, mtihani uufanyie wapi

Maswali ni yaleyale. Kaka nianze na cheti gani, bila digrii naweza, itanigharimu shingapi, lazima nihamie Dar? Nimejibu mmojammoja mpaka nikaona bora niyaandike yote sehemu moja, ili mtu wa Newala, wa Nachingwea, wa Kilwa Masoko au wa hapahapa Mtwara mjini akiuliza tena anatumiwa hii anaisoma kwa nafasi yake.

Majibu mafupi kwanza. Digrii haihitajiki kwenye mtihani wowote nitakaoutaja humu, hata diploma hawakuulizi, unajisajili unalipa unafanya. Dar huhitaji kuhamia, kusoma unasomea nyumbani na Dar utaenda kwa ajili ya mtihani tu, na mingine hata mtihani unaufanyia nyumbani. Hela ndo sehemu ya kuwa nayo makini, kwa sababu mitihani hii inalipwa kwa dola na ukifeli hairudi, kwaiyo karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinahusu jambo moja: usilipe mpaka uwe tayari kabisa. Hilo ndo linalowaumiza vijana wetu zaidi ya ugumu wa masomo wenyewe.

Alafu tofautisha vitu viwili. Kuna cheti cha kumaliza kozi, yani umeangalia video, umejibu maswali, umepewa karatasi, mfano ile ya Google IT Support iliyoko Coursera tangu 2018. Na kuna cheti cha mtihani, unakaa mbele ya msimamizi, muda umewekwa, ukipita jina lako linaingia kwenye mfumo wao na mwajiri anaweza kuhakiki. Vyote vina faida, cha kwanza kinakufundisha, ila mwongozo huu ni wa hicho cha pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Laptopu. Mtumba unatosha. RAM 8GB ni nzuri, 4GB utasota lakini Packet Tracer, ile programu ya kufanyia mazoezi ya netiweki, itafunguka, na uhakikishe ina SSD sio ile diski ya zamani ya kuzunguka. Unaponunua angalia betri kuliko unavyoangalia urembo, maana umeme ukikatika saa mbili usiku betri ndo itaamua kama unasoma au unalala. Kamera na maiki zifanye kazi, utazihitaji kama mtihani utaufanyia nyumbani.

Kitambulisho. Pasipoti ndo salama zaidi, NIDA ile kadi yenyewe inafuata. Namba ya NIDA peke yake kwenye karatasi haitoshi, msimamizi anataka kadi yenye picha.

Imeli ya kudumu. Isiwe ya chuo wala ya ofisini, maana ukitoka pale na cheti chako kinabaki kule. Fungua moja yenye jina lako la heshima, paswedi iandike sehemu.

Kadi ya kulipia mtandaoni. Visa au Mastercard ya benki, au ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu kupitia M-Pesa.

Bando. Video ndo zinakula, kwaiyo shusha zote mara moja usiku kwa bando la usiku au ukiwa sehemu yenye waifai, alafu usome bila intaneti. Mtu wa Liwale au Tandahimba vijijini hii ndo njia pekee ya maana, kuangalia mojamoja moja kwa moja utamaliza hela.

Na Kingereza cha kusoma. Sio cha kuongea, cha kusoma. Mitihani hii haipo kwa Kiswahili. Ukiweza kusoma aya moja ya maelekezo ukaielewa bila kamusi kila mstari, anza. Kama bado, anza pia, ila ongeza miezi miwili na uwe na daftari la maneno.

Hatua ya 1: Chagua kazi, alafu kazi ikuchagulie cheti

Wengi wanaanza kinyume, wamesikia jina la cheti kwa rafiki wanalikimbilia. We jiulize unataka kufanya nini jumatatu asubuhi.

Unataka kuwa yule anayeitwa kompyuta ikigoma, printa ikikataa, Windows ikianguka? Hiyo ni helpdeski, na cheti chake ni A+ ya CompTIA, shirika la mitihani ya IT. Ujue mapema kwamba A+ ni mitihani miwili, sasa hivi ni 220-1201 na 220-1202, na kila mmoja unalipiwa peke yake. Kuna watu wamelipia mmoja wakidhani wamemaliza.

Unataka kufunga na kuendesha netiweki, rauta, swichi, kuunganisha tawi la Masasi na ofisi ya Mtwara? Hapo ni CCNA ya Cisco, kampuni inayotengeneza rauta na swichi, mtihani mmoja, namba yake 200-301, dakika 120, dola 300. Ipo pia Network+ ya CompTIA, toleo la N10-009, ambayo ni nyepesi kidogo na haijafungwa kwenye vifaa vya kampuni moja.

Unataka usalama wa mtandao? Usianze na vyeti vya kudukua, hata kama vinavutia. Anza na Certified in Cybersecurity ya ISC2, shirika la vyeti vya usalama wa mtandao, ambao mwaka 2022 walitangaza mpango wa kutoa mafunzo na mtihani huo bure kwa watu milioni moja, ingia kwenye tovuti yao uangalie kama bado upo kabla hujajisajili. Ukipita kuna ada ya dola 50 kila mwaka, iweke kwenye hesabu. Baada ya hapo ndo Security+, toleo SY0-701.

Klaudi, yani kompyuta na huduma za kukodi kupitia intaneti? AZ-900 ya Microsoft au Cloud Practitioner ya AWS, yani klaudi ya Amazon, namba yake CLF-C02. Hii ya AWS ni dola 100, maswali 65, dakika 90. Ni za utangulizi, zinakufungulia mlango wa kuelewa, peke yake hazitakupa kazi.

Ukiniuliza mi, kwa mtu wa huku kwetu anayeweza kulipia kimoja tu, nasema CCNA. Tazama mikoa yetu ilivyo: benki, hospitali ya Ligula na nyingine za wilaya, halmashauri, bandari, mitambo ya gesi Madimba na Songo Songo, kiwanda cha saruji, vyama vya korosho ambavyo minada yao siku hizi inaendeshwa kwa mfumo wa kompyuta. Kote huko kuna netiweki, na netiweki ikilala kazi zinalala. Tena maabara yake unaifanyia kwenye laptopu bila kununua kifaa hata kimoja. Lakini kama kompyuta umeanza kuishika mwaka huu, pitia kwanza masomo ya A+ bila kulipia mtihani wake, alafu ndo uende CCNA.

Jambo moja wazazi wanauliza sana: je cheti hiki kinatosha kuombea kazi ya serikali? Hapana. Nafasi za Afisa TEHAMA kwenye Ajira Portal zinataka diploma au digrii inayotambulika, cheti cha Cisco au CompTIA ni nyongeza juu yake. Kwenye kampuni binafsi, mashirika na kazi za kandarasi ndo kinasimama zaidi chenyewe. Kwaiyo kama uko VETA, TIA tawi la Mtwara, au Stella Maris, usiache chuo, soma cheti pembeni.

Hatua ya 2: Printi orodha rasmi ya mada

Kila mtihani una orodha yake kwenye tovuti ya mwenye mtihani, bure. Nenda steshenari uiprinti, ibandike ukutani. Kila mada ukiimaliza weka alama, na alama unaweka ukiweza kumweleza mtu mwingine, sio ukishamaliza video.

Angalia pia asilimia. CCNA kwa mfano: misingi ya netiweki 20, swichi na VLAN (kugawa swichi moja iwe kama netiweki kadhaa) na waifai 20, njia za IP yani rauta 25, huduma za IP 10, usalama 15, otomesheni yani kuendesha vifaa kwa programu 10. Ukiona mtu amekaa mwezi mzima kwenye otomesheni na kugawa netiweki (subnetting) hajui, huyo orodha hajaisoma.

Hakikisha na toleo. CompTIA wanabadilisha toleo kila baada ya miaka mitatu hivi, vitabu vya zamani vinaendelea kuuzwa na kusambazwa kwenye flashi. Ukikuta kitabu cha A+ kimeandikwa 220-1001, kiweke pembeni.

Hatua ya 3: Masomo ya bure, ila machache

Kwa CCNA kuna Jeremy's IT Lab YouTube, kozi nzima bure pamoja na mafaili ya mazoezi. Kwa A+, Network+ na Security+ kuna Professor Messer, naye bure. Cisco Networking Academy inakupa kozi na programu ya Packet Tracer bila malipo ukijisajili tu. Microsoft wana Microsoft Learn, AWS wana Skill Builder. Coursera wana fomu ya kuomba msaada wa ada, unaeleza hali yako na unasubiri kama wiki mbili.

Chagua mwalimu mmoja, sehemu moja ya mazoezi ya vitendo, na sehemu moja ya maswali. Basi. Kosa la kawaida kabisa huku kwetu ni kukusanya, mtu ana diski yenye kozi za kila kitu, mwezi wa nne huu hajamaliza hata moja, kila akikwama kidogo anahamia kwa mwalimu mwingine anaanza upya somo la kwanza. Mwalimu akikuchosha mvumilie, ukikwama kabisa kwenye mada moja ndo utafute video ya mwingine kwa mada hiyo tu, alafu urudi.

Hatua ya 4: Panga muda kwa kalenda ya huku

Saa moja na nusu kila siku inashinda masaa nane ya jumamosi. Alfajiri ndo muda mzuri, joto halijaanza, watu hawajaamka, intaneti haijazidiwa. Kwa mtu anayeanza sifuri CCNA iwekee miezi mitano mpaka sita, A+ miezi mitatu au minne, zile za utangulizi za klaudi wiki sita zinatosha.

Kama familia yenu ni ya korosho, hilo lipangie kabisa. Kuanzia kama mwezi wa tisa na wa kumi ni kuokota, kuumiza vichwa kwa mahesabu, kupeleka ghalani, hamna mtu atakaekuacha usome. Lakini malipo nayo yanatoka baada ya minada, kwaiyo ratiba nzuri ni kuanza kusoma mwezi wa tatu au wa nne, kufanya mazoezi makubwa kabla ya msimu, wakati wa msimu unarudia tu kidogokidogo usisahau, alafu hela ikiingia unalipia mtihani wa Januari. Mzee akijua toka mwanzo kwamba gunia kadhaa ni za mtihani, na anaona kila alfajiri taa yako inawaka, maongezi ya hela yanakuwa mepesi. Na usiweke mtihani mchana wa Ramadhani kama unafunga, chukua nafasi ya asubuhi mapema au usogeze mpaka baada ya Idi.

Hatua ya 5: Mikono

Hapa ndo pa kukaa. Nusu ya muda wako wote iwe ni kufanya, sio kuangalia mtu anafanya. Ukiangalia video inaonekana rahisi, ukiachwa na skrini nyeusi peke yako unagundua hujui uanze na amri gani.

Kwa CCNA fungua Packet Tracer na upande ngazi kwa mpangilio huu: kompyuta mbili na swichi zitumiane ping (ujumbe wa kupima kama zinafikiana), kisha VLAN mbili, kisha swichi mbili zilizounganishwa kwa tranki (kiunganishi kimoja kinachobeba VLAN zote), kisha rauta moja ihudumie VLAN zote, kisha OSPF (rauta zinaambizana njia) kwenye rauta tatu, kisha DHCP (kugawa anwani zenyewe), NAT (anwani za ndani kutokea nje), ACL (orodha ya nani apite), mwisho SSH ili uingie kwenye kifaa kwa usalama. Kila moja uijenge mara ya kwanza ukifuata mwalimu, mara ya pili bila kuangalia. Alafu iharibu. Zima kiunganishi kimoja, weka anwani isiyo sahihi, futa VLAN, funga laptopu, kesho yake itafute kosa lilipo. Kazini utalipwa kwa hilo, na kwenye mtihani kuna maswali ya kufanya kwa vitendo sio ya kuchagua tu.

Kugawa netiweki fanya kila siku dakika kumi mpaka iwe kama unahesabu chenji. Chukua mfano wa chama cha msingi cha korosho. Umepewa 192.168.10.0/24, yani anwani za 0 mpaka 255, na namba ya baada ya mkwaju ikiongezeka kundi linapungua. Waifai ya wageni inahitaji vifaa 50, uhasibu 20, mizani na ghala 10. Anza na kundi kubwa. Wageni 50 wanataka /26 ambayo inabeba 62, inachukua 0 mpaka 63. Uhasibu 20 wanataka /27 inayobeba 30, inaanza 64 mpaka 95. Mizani 10 wanataka /28 inayobeba 14, inaanza 96 mpaka 111. Kosa la wanaoanza ni kuanza na kundi dogo, wanamgawia mizani 0 mpaka 15 alafu wakija kuweka wageni wanaandika inaanzia 16, na /26 haiwezi kuanzia 16, inaanzia 0, 64, 128 au 192 tu. Tunga mifano yako mwenyewe, shule, zahanati, gesti, usingoje ya kitabu.

Kwa A+ nenda kwa fundi kompyuta pale sokoni, mwombe ukae naye jumamosi, umsaidie hata kufuta vumbi na kufungua skurubu. Utaona RAM, utabadilisha diski, utasikia mlio wa mashine isiyowaka, na huku pwani utaona hewa ya chumvi inavyokula viunganishi, vitu ambavyo video ya Marekani haikuonyeshi. Msalimie vizuri, usimfundishe kazi yake, ukienda mara ya pili peleka hata soda. Nyumbani weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya laptopu yako, ufunge Windows na Linux ndani yake, uziharibu na kuzirudisha.

Waliofanya fildi kwenye halmashauri au hospitali, andikeni kila tatizo mlilolitatua: lilikuwa nini, uliangalia nini kwanza, lilikuwa wapi. Hilo daftari litakuja kuwa CV yako.

Hatua ya 6: Jipime kabla hujalipa

Fanya mtihani wa majaribio kamili, muda kamili, simu imezimwa. Ukipata asilimia 85 kwenye mitihani miwili tofauti ambayo maswali yake hujawahi kuyaona, uko tayari. Ukipata 85 kwa sababu umeshayarudia yaleyale mpaka umeyakariri, bado.

ONYO, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna watu wanauza madampu, yani maswali yaliyoibwa kwenye mtihani halisi, kwenye magrupu ya simu, elfu kumi, elfu ishirini. Usinunue. Ni kuvunja mkataba unaoukubali kabla ya kuanza mtihani, wakigundua wanafuta cheti na wanaweza kukufungia usifanye tena. Na hata wasipogundua, siku ya intavyuu ukiambiwa chukua hii swichi iweke VLAN mbili, karatasi haitakusaidia, na ofisi ile haitamchukua tena kijana mwingine kutoka mkoa huu mwenye cheti kama chako. Vilevile mtu akikuambia atakufanyia mtihani wewe ulale tu cheti kinakuja, huyo ni tapeli au ni mhalifu.

Hatua ya 7: Amua utaufanyia wapi

Cisco, CompTIA, AWS, ISC2 wote wanatumia Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani. Microsoft pia. Ingia kwenye tovuti yao, chagua mtihani, andika mahali ulipo, itakuonyesha vituo vilivyo karibu na nafasi zilizo wazi. Kwa watu wengi wa huku itaishia kuwa Dar.

Kufanyia nyumbani kunaitwa OnVUE na kuna masharti makali. Chumba unakuwa peke yako, mlango umefungwa, meza tupu, hamna karatasi wala kalamu, skrini moja, saa ya mkononi umevua. Unapiga picha za chumba kwa simu alafu simu unaiweka mbali. Mtu akiingia, hata mtoto wa jirani anayetafuta mpira, mtihani unaweza kusitishwa na hela imeenda. Ukisoma swali kwa kutamka midomo msimamizi atakuonya, na wengi wetu tumezoea kusoma hivo, kwaiyo jizoeze kusoma kimya mapema. Intaneti wanataka iwe imara, 6 Mbps ya kushusha na 2 ya kupandisha, na hotspoti ya simu hawaishauri. Mtihani wa ISC2 wenyewe haufanyiki nyumbani, ni kituoni.

Ushauri wangu: kama una intaneti ya waya au ya ofisi tulivu na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), fanya hapahapa. Kama unategemea hotspoti na umeme wa kubahatisha, panda basi uende kituoni. Nauli na malazi ni sehemu ndogo ya hela unayoweza kupoteza. Na usisafiri siku moja kabla, ondoka siku mbili kabla, barabara yetu tunaijua, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata mawasiliano upande wa Kilwa na mabasi yakakwama. Msimu wa masika ongeza siku zaidi. Fikia kwa ndugu anayekaa karibu na kituo, na jioni ya kwanza nenda ukakione kituo kwa macho.

Hatua ya 8: Lipa

Jina kwanza. Unapofungua akaunti andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba, herufi kwa herufi. Sisi tuna tatizo la cheti cha kidato cha nne kusema Hamisi, NIDA inasema Khamis, na akaunti mtu kaandika jina la utani. Kitambulisho ndo kinachoangaliwa mlangoni.

Piga hesabu kamili. CCNA dola 300, ukikadiria dola kwa shilingi 2,500 ni 750,000, weka juu yake kodi, makato ya kadi, nauli ya kwenda na kurudi na chakula. Angalia rate ya siku hiyo, haitulii. Tafuta punguzo kabla ya kulipa: wanafunzi wa Networking Academy wanaomaliza kozi za CCNA kwa alama nzuri huwa wanapewa vocha ya punguzo, CompTIA wana bei ya wanafunzi kwa nchi wanazozikubali, Microsoft wamewahi kutoa ofa kwenye siku zao za mafunzo. Vocha nunua kwa mwenye mtihani au kwa wakala anayetambulika, ya bei ya kutupa kwenye grupu achana nayo.

Weka tarehe wiki tatu mbele. Ukiona haiwezekani, sogeza mapema, ikibaki chini ya masaa 24 umechelewa.

Wa AWS, kabla hujabook ingia kwenye akaunti uombe dakika 30 za ziada kwa ajili ya watu ambao Kingereza sio lugha yao ya kwanza. Ni haki yako, ni bure, na wengi hawajui. Lazima uombe kabla ya kuweka tarehe.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika au ingia nusu saa kabla. Kula. Kwenye mitihani ya Cisco ukishajibu swali ukaenda mbele huwezi kurudi, kwaiyo soma vizuri na uamue. Kwa CompTIA ni tofauti, unaweza kuweka alama na kurudi, na yale maswali ya vitendo mara nyingi yanakuja mwanzoni kabisa na yanakula muda, yaruke, maliza ya kuchagua, alafu uyarudie. Usiache swali tupu, kosa halikupunguzii.

Alama za kupita: A+ ni 675 kwa mtihani wa kwanza na 700 kwa wa pili, Network+ 720, Security+ 750, zote kwenye kipimo cha 100 mpaka 900. AZ-900 na Cloud Practitioner ni 700 kwenye 1000. Cisco hawatangazi ya kwao.

Hatua ya 10: Ukipita

Beji ya mtandaoni inakuja, ipokee, iweke LinkedIn na kiungo chake kwenye CV ili mtu ahakiki kwa kubonyeza. Andika na tarehe ya kuisha: CCNA, vya CompTIA na AWS ni miaka mitatu. CCNA unaihuisha kwa kufanya mtihani tena au kukusanya krediti 30 za masomo, CompTIA nao wana mfumo wao wa krediti pamoja na ada ya kila mwaka. AZ-900 haiishi.

Ukikwama

Kadi inakataa. Mara nyingi huduma ya manunuzi ya mtandaoni haijafunguliwa, au kuna kikomo cha siku ambacho ni chini ya dola 300. Piga simu benki wafungue zote mbili. Usijaribu mara kumi mfululizo, itafungwa.

Jina limekosewa kwenye akaunti. Wasiliana na mwenye mtihani mapema, wiki moja kabla sio siku hiyo. Watataka picha ya kitambulisho.

Kipimo cha mfumo cha OnVUE kinafeli. Zima VPN na antivairasi, funga programu zote, ondoa skrini ya pili, tumia laptopu yako sio ya ofisi maana za ofisi zina vizuizi. Kifanye siku ileile na saa ileile utakayofanyia mtihani, kwenye intaneti ileile.

Umeme au intaneti imekata katikati. Rudisha haraka, fungua tena programu ileile, mara nyingi unaendelea ulipoishia. Ikishindikana fungua malalamiko Pearson VUE siku hiyohiyo, andika saa na kilichotokea.

Umefeli. Ripoti inaonyesha sehemu ulizoanguka, kaa nayo. Cisco unasubiri siku 5, AWS siku 14, Microsoft masaa 24, CompTIA unaweza kurudia mara ya pili bila kusubiri ila kuanzia ya tatu ni siku 14. Usiharakishe kwa sababu tu wanaruhusu, rudi hatua ya 5 kwa zile mada mbili tatu, ukifika tena 85 kwenye maswali mapya ndo ulipe.

Packet Tracer nzito. Funga kivinjari, punguza vifaa kwenye mazoezi, tenganisha labu kubwa kuwa ndogo mbili.

Hela haijafika na umeshakuwa tayari. Endelea na labu mara tatu kwa wiki usipoteze mkono, na wakati huohuo jitolee kufunga netiweki ya shule au ya msikiti wa mtaani kwenu au kanisa, kwa maandishi, mkuu wa pale akuandikie barua yenye muhuri kwamba umefanya. Barua hiyo ipige skani, iweke pamoja na CV, na anza kuitumia kuomba kazi ndogondogo hata kabla ya mtihani, kuna vijana hela ya mtihani wameipata hukohuko.